Kichwa Changu Kwenye Ukuta wa Mama Zuhura

Alhamisi ya kwanza baada ya Idi ya Ramadhani mwaka huu tulimzika Kashindi, fundi rangi wa Gerezani, na mimi nikapoteza mtu pekee aliyekuwa na haki ya kunitukana kabla sijanywa chai.

Kwa wale wasiojua: Kashindi alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mimi ni Mzaramo wa hapahapa. Makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara, babu zake walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya mkweo na ukacheka. Anaweza kukuvua kofia akaondoka nayo, usiipate mpaka uigomboe kwa kitu atakachokitaja yeye. Na mtani wako akifa, wewe ndiye unayekwenda msibani kuchekesha watu. Kulia ni kazi ya ndugu. Nimeanza na hayo kwa sababu bila hayo hamtaelewa ilikuwaje kichwa changu kikae miaka mingi ukutani kwa watu, katikati ya wafu, na mimi nishindwe kukitoa.

Nyie vijana wa mabango ya mashine mnaonipita hapa barazani huniuliza, "Mzee Pazi, zamani mlikuwa mnachoraje ukuta mzima kwa mkono?" Nawajibu kwa kifupi kwa sababu mimi si mtu wa maneno mengi. Sasa nina muda, na nyumba imekuwa kimya, nitawaandikia. Shule yangu ni ya msingi tu, msinitafutie makosa.

Ukuta huanza kwa ulimi. Hilo ndilo la kwanza Kashindi alilonifundisha, na najua mtacheka. Kuta za Dar zina chumvi. Ukipaka rangi juu ya chumvi, masika ikipita rangi yote inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Kwa hiyo kabla ya kukubali kazi Kashindi alikuwa anausogelea ukuta, anaangalia kushoto na kulia, halafu anaulamba. Ukiwa na chumvi, tunaupiga brashi ya waya, tunauacha ukauke, tunaulamba tena. Mwenye duka mmoja wa mtaa wa pili alitukuta wote wawili tumeweka ndimi ukutani kwake, yeye na mkewe wakasimama mlangoni wakitutazama. Kashindi akafuta mdomo akamwambia, "Usihofu, bwana. Mwenzangu hajala tangu jana." Tulipata kazi ile, lakini yule mama alinitolea wali.

Kashindi alijifunza herufi akiwa kazini reli, akiandika namba kwenye mabehewa. Alikuwa akisema behewa ni mwalimu mzuri kwa sababu ukikosea namba moja, pamba ya Shinyanga inakwenda Kigoma. Ndiyo maana mkono wake ulikuwa hautetemeki. Wangu ulikuwa unatetemeka mpaka aliponifundisha kushika fimbo chini ya kiganja, fimbo yenyewe umeivika kitambaa mwishoni isichafue ukuta. Ijaribuni siku moja hata kama mnatumia mashine.

Miaka ya foleni hatukuwa na kazi ya maana. Maduka yalikuwa matupu, na duka tupu halihitaji picha. Rangi tulizopata zilikuwa nyeusi, nyekundu ya bati, na ile ya kijani ambayo kila ofisi ilipakwa. Nyeupe tulitengeneza kwa chokaa, bluu tukachukua ile ya kufulia nguo. Halafu ikaja ruksa, kila mtu akaruhusiwa kuuza. Ghafla Kariakoo nzima ikawa na kitu cha kuuza, na kila mwenye kitu cha kuuza akataka kionekane kutoka ng'ambo ya barabara. Tulichora redio, tulichora viatu, tulichora mwanamke anayetabasamu kwenye kila saluni kutoka Msimbazi mpaka Gerezani. Alikuwa mwanamke yuleyule. Tulikuwa tunambadilisha hereni.

Katika siku hizo Mama Zuhura alifungua mgahawa nyuma ya gereji za Gerezani. Alikuwa mjane mwenye sauti nzito na mikono ya kusukuma chapati, na kila alichokuwa nacho alikitia mle ndani. Wateja wake wangekuwa mafundi gereji, na karibu yake kulikuwa na akina mama wengine wenye masufuria makubwa kuliko yake. Alitaka kitu ambacho wao hawana. Akatuita, akatandika mezani picha iliyochorwa kwenye karatasi ngumu ya mafunjo, aliyoletewa na kaka yake Salumu. Salumu alikuwa baharia, meli yao ilipita Misri, akainunua bandarini kwa watu wanaouzia wasafiri.

Ilikuwa picha ya karamu. Bwana na bibi wamekaa kwenye viti vyenye miguu ya simba, mbele yao meza imejaa mikate mpaka juu, juu ya mikate bata bukini, juu ya bata paja la ng'ombe, na watumishi wamepanga mstari wanaleta vingine.

"Nataka hii ukuta mzima," Mama Zuhura akasema. "Mtu akiingia, kabla hajaniona mimi aone chakula."

"Hawa watu mbona wote wanatazama upande?" nikauliza.

"Wanamtazama anayeingia bila kulipa," Kashindi akajibu. "Mama, kazi tumeipokea."

Kuikuza picha ndogo hivyo, unaigawa miraba kwa penseli, na ukuta nao unaugawa miraba ileile kwa uzi uliochovywa bluu. Mmoja anashika huku, mwingine kule, unauvuta katikati kidogo na kuuachia, mstari unabaki. Halafu huchori mtu tena, unachora mraba. Mraba huu una kiwiko, huu una kipande cha bata. Ukianza kufikiri "nachora mtu", mkono wako unamchora mtu unayemjua wewe na kazi inaharibika. Niliiga kila nilichokiona. Wale watu wa picha walikuwa na vidole gumba vya miguu upande mmoja, kwa hiyo nami nikavichora upande mmoja. Fundi mmoja wa gereji aliyekuja kuchungulia akasimama pale akiwa ameshika spana.

"Fundi, huyu bwana ana miguu miwili ya kushoto."

"Ndivyo ilivyo kwenye picha," nikasema.

"Basi ndiyo maana amekaa," akasema, akaondoka.

Tatizo lilikuwa kichwa cha bwana. Kwenye karatasi hakikuwepo. Mabega yapo, ushanga wa shingoni upo, halafu kuna sehemu imeachwa wazi, yenye ncha ncha pembeni kama plasta iliyodondoka. Mimi nilitaka tuache hivyohivyo. Sijakiona kichwa hicho, nitakichoraje? Kashindi akasema hajawahi kuona mteja anayelipia bwana asiye na kichwa. Tulibishana mpaka Mama Zuhura akatoka jikoni na mwiko.

"Nyie mnabishana nini?"

"Mzaramo anataka akuachie tundu ukutani, mama. Anasema ni uaminifu."

"Mimi nafungua Jumatatu," Mama Zuhura akasema. "Mtu mwenye meza ya chakula kiasi hicho halafu hana mdomo? Wateja wangu watanifikiriaje? Wekeni kichwa."

"Cha nani?" nikauliza.

"Chochote chenye mdomo."

Basi nikarudi kwenye bata wangu, Kashindi akapanda ngazi. Baada ya muda akaniita. "Mtani, simama hapo mlangoni. Tazama kule bandarini."

"Kuna nini?"

"Tazama tu. Usigeuke."

Nikasimama nikatazama. Niliona kreni za bandari juu ya mapaa, nikaona ndege. Nilifikiri labda kuna meli ya Salumu inaingia. Nyuma yangu niliwasikia watu wakiingia, kisha wakinyamaza, na mmoja akikohoa kama mtu aliyepaliwa. Mimi ni mtu wa kutii, nikaendelea kutazama bandari. Nilipoambiwa nigeuke, mgahawa ulikuwa umejaa mafundi gereji walioshika midomo yao, na ukutani, juu ya mabega ya yule bwana wa Misri, palikuwa na pua yangu, na sikio langu lililojikunja juu, na kidevu changu hiki kinachotangulia. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani.

"Shuka ufute," nikamwambia Kashindi.

"Nifute nini? Kichwa chako nimekiteka. Unajua utaratibu. Ukikitaka, leta jogoo."

Huo ni utani, na utani haukasirikiwi. Jioni hiyo mimi mwenyewe nilicheka. Mama Zuhura akafungua Jumatatu, mafundi wakaja, wakaagiza chai "kama ya Pazi", na mambo yakaenda vizuri mpaka meli ya Salumu ilipotia nanga.

Salumu aliingia na begi lake begani, akautazama ukuta, akakaa kwenye benchi akicheka mpaka akashika mbavu.

"Dada, umeweka watu wa kaburini."

"Watu wa wapi?" Mama Zuhura akasema.

"Hiyo ni picha ya kaburini. Yule muuzaji alinieleza. Wao zamani mkubwa akifa, wanamchimbia chumba, wanamchorea ukutani kila atakachohitaji. Hao waliokaa ndio marehemu wenyewe, mtu na mkewe. Na pale penye kichwa ukuta wa kaburi ulikuwa umemomonyoka, kwa hiyo aliyeiga akaacha wazi kama alivyopakuta."

"Mbona hukusema siku ile uliponipa?"

"Hukuniuliza. Ulisema una ukuta mtupu."

Mafundi waliokuwa wakila waliacha kutafuna. Kesho yake ukumbi ulikuwa na watu wachache, na hao wachache walikuja kumtania. "Mama, leta supu ya marehemu." "Mama, leo ni arobaini au hitima?" Siku iliyofuata hata watani hawakuja. Akina mama wenye masufuria makubwa wakawa wanapita mbele ya mlango wakimpa pole ya msiba. Nilimkuta Mama Zuhura amekaa peke yake na rundo la chapati zilizopoa, hana hata nguvu ya kuzifunika.

Akatuita tuje na chokaa tuufute ukuta wote. Mimi nilifurahi, nisiwafiche, kwa sababu na kichwa changu kingefutika humohumo. Kashindi alikuja na ndoo, akaiweka chini, akakaa. Akaomba chai. Akaomba chapati, akaila taratibu akiutazama ukuta.

"Mama," akasema, "miaka ile ya foleni ulikuwa unapanga wapi?"

"Pale sokoni, kama wote. Kwa nini?"

"Uliwahi kufika mbele ukaambiwa sukari imekwisha?"

"Mara ngapi."

"Sasa mtazame huyu bwana. Amekufa zamani hata hesabu haipo, na mikate mezani haijapungua mmoja. Salumu amesema ndiyo kazi ya picha yenyewe. Kaburini kwake hakuna kuambiwa kimekwisha. Unataka nikifute chakula kisichokwisha, nikupakie nyeupe? Nyeupe ndiyo ile rafu ya duka tuliyoizoea."

Mama Zuhura akainuka, akatoka mpaka mlangoni, na ile sauti yake nzito ikafika mpaka gereji ya mwisho. "Kwa Mama Zuhura chakula hakiishi. Asiyeamini aje atazame ukutani." Mmoja akaja kwa kubisha, wawili wakaja kumtazama yule mmoja. Na kweli tangu siku hiyo alijiwekea sharti kwamba hata jioni kabisa, mtu wa mwisho lazima akute chapati. Wale wenye masufuria makubwa walikuwa wanamaliza alasiri. Ndivyo alivyowashinda.

Kwa hiyo ukuta ukabaki, na mimi nikabaki ukutani.

Sasa hapo ndipo mama yangu mzazi aliposikia. Kariakoo habari haichelewi. Aliniita, akanikalisha chini kama mtoto, na mimi nilikuwa na ndevu.

"Ni kweli kwamba umechorwa pamoja na maiti unakula nao?"

"Ni utani, mama. Ni yule Mnyamwezi."

"Utani na uishe basi. Nani aliyekwambia kichwa cha mtu hai kinawekwa kaburini kikiwa kinangoja mwili?" Akaanza kulia. Alikuwa amewazika watoto wake wengine wote, nilikuwa nimebaki mimi. "Niapie. Hukanyagi mle ndani mpaka umekigomboa kichwa chako."

Nikaapa. Na mimi kiapo sina namna nyingine ya kukielewa zaidi ya vile kilivyosemwa.

Nikampelekea Kashindi jogoo. Zilikuwa siku ambazo kuku wa kisasa wameanza kujaa mjini, weupe, wanene, miguu laini. Akamnyanyua, akamtazama machoni.

"Huyu hajawahi kumwona kuku wa kike maisha yake. Kichwa cha Mzaramo kinagombolewa na mtoto wa mashine? Rudisha. Nataka wa kienyeji."

Nikamleta wa kienyeji, mwekundu. Akasema hawiki. Nikasema atawika alfajiri. Akakaa naye kibandani, na alfajiri yule jogoo, sijui alikuwa na nini, akanyamaza kimya kama mimi. Kashindi akanirudishia akisema, "Huyu ni ndugu yako, siwezi kumla." Wa mwisho alikuwa kishingo, ana shingo tupu isiyo na manyoya. Akamkataa, akasema ni tusi kumlipa mtu kichwa kwa kitu kisicho na kola. Siku hiyo nilimuuliza kwa upole, kwa sababu nilikuwa nimechoka, "Kashindi, unataka nini hasa?"

Alikuwa anasafisha brashi kwa mafuta ya taa. Akasema, "Nikikurudishia, asubuhi tutaongea nini?"

Nikaacha kuleta majogoo. Mama yangu alipofariki, wengi walidhani kiapo kimekwenda naye. Sikudhani hivyo. Sikuingia mle. Harufu ya chapati zile niliipitia kila siku ya kazi, na Kashindi alikuwa akiniletea mbili zimefungwa kwenye gazeti, zimepoa. "Umejitumia mwenyewe," alikuwa akisema. "Umekula nusu, hizi umesema ziende kwa mwenzako wa nje."

Ukuta ule ulitupa kazi nyingi za Misri, Salumu akituletea karatasi nyingine za kuiga, nami nikazichora zote ilhali wa kwanza siruhusiwi kuuona. Bucha moja ilitaka lile paja la ng'ombe peke yake, kubwa kama mlango. Kinyozi mmoja alitaka watu wenye zile nywele za kukatwa mstari, akaandika chini yao bei, na kweli vijana wakawa wanakuja wakionyesha kwa kidole, "Nikate kama huyu wa tatu." Mwenye duka la vitambaa alikataa kabisa, akasema hawezi kumweka firauni dukani kwake, tukamchorea zabibu. Kwenye kazi hizo zote, penye tundu mimi niliacha tundu, na Kashindi akapitia nyuma yangu akijaza. Ukiona mahali mtumishi wa Misri amebeba birika la kahawa au shoka la bucha, ujue pale palikuwa wazi na mimi nilikuwa nimekwenda kuswali.

Kila mwaka, kabla ya Ramadhani, Mama Zuhura alipiga ukumbi rangi, naye Kashindi alikwenda kukarabati ule ukuta. Moshi wa jikoni unakula rangi, lazima uirudie. Siku moja au mbili kabla ya kwenda alikuwa na tabia. Tumekaa tunakoroga rangi, anasema, "Geuka upande."

"Kuna nini?"

"Geuka tu. Tazama bandarini."

Nilikuwa nageuka. Nilijua ananikumbusha aibu yangu ya siku ile, na nilimwachia starehe yake. Ananitazama, anaguna, tunaendelea na kazi. Akirudi kutoka kule nilikuwa simuulizi, lakini yeye lazima aseme. "Nimekutembelea. Unaendelea vizuri."

Mashine zilipokuja tulikuwa watu wazima tayari. Sitawasema vibaya, zinafanya kwa asubuhi moja tulichofanya kwa wiki, na hazilambi ukuta. Tulirudi majumbani, mimi Ilala, yeye Buguruni. Mama Zuhura naye akafariki, binti yake Zuhura akashika jiko. Kashindi pekee aliendelea kwenda pale mara moja kwa mwaka, akiwa na fimbo yake ya kushikia mkono, ambayo sasa aliitumia na kutembelea.

Na kila mwaka, kabla ya Ramadhani, alikuja Ilala kunisalimia. "Geuka upande," anasema. Mwaka huu hakuja. Kifua kilikuwa kimembana. Nilikwenda mimi kumwona, akiwa kalala, akaniambia niketi upande wa dirisha. Nikajua anachotaka, nikatazama nje. Akasema, "Baada ya Idi nitakwenda."

Msibani nilikwenda na jogoo. Nilimtafuta sokoni kwa makini: mwekundu, wa kienyeji, mwenye manyoya shingoni, na nilisimama pale mpaka nikamsikia akiwika kwa masikio yangu. Watani wengine wa Kizaramo walikuwa wamelala mlangoni wamezuia jeneza, wanadai Kashindi ameondoka na ngazi yao, na watu walikuwa wanacheka kama inavyotakiwa. Mimi nikaingia na jogoo wangu chini ya kwapa. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilitaka kusema, Mnyamwezi, amka uhesabu manyoya. Nilipofika mbele ya jeneza nikasimama pale nalia, na jogoo naye akaanza kupiga kelele.

Bi Nyamizi, dada yake Kashindi, alikuwa amekaa mkekani. Akanitazama kutoka chini mpaka juu.

"Huyu ni mtani wa wapi? Analia msibani kwa mtani wake. Nani amemfundisha?"

"Kaka yako," nikasema.

"Na huyo jogoo?"

"Ni wa kichwa."

Hakuhitaji kuelezwa, Kashindi alikuwa ameisimulia habari hiyo nyumba nzima. Akanyoosha mikono, nikampa. Akamgeuza, akampima uzito, akamfungua bawa, akamtazama miguuni kwa muda mrefu, watu wote wakingoja hukumu.

"Kaka yangu angemkataa," akasema. "Mimi si kaka yangu. Jogoo tumempokea. Kichwa ni chako, nenda kakichukue." Halafu akaongeza, "Na ufute kamasi kwanza, unatutia aibu mbele ya Wazaramo."

Nikangoja hitima ipite. Asubuhi yake nikachukua msasa, kikwangulio, chupa ya mafuta ya taa, mikebe miwili ya rangi, fimbo yangu ya kushikia mkono, na brashi moja niliyoipunguza kwa kiwembe, nikaenda Gerezani. Nilikuwa na nia ya kukwangua kichwa changu na kuacha pale wazi, pawe kama palivyokuwa kwenye karatasi ya Salumu. Nilifika mlangoni nikasimama kidogo, kisha nikatanguliza mguu wa kulia.

Zuhura alikuwa jikoni. "Shikamoo, baba Pazi. Leo umeingia?"

"Marahaba, mwanangu. Leo nimeruhusiwa."

Nikautazama ukuta. Mikate ilikuwepo, bata walikuwepo, yule bibi wa Misri amekaa palepale na ushanga wake, bado msichana. Bwana aliyekaa naye alikuwa mzee. Mabega ni yale ya kijana tuliyoyachora, lakini kichwa kilikuwa na mvi. Shavu limeingia ndani. Juu ya nyusi palikuwa na kovu nililolipata siku nilipoanguka kutoka kwenye ngazi, na lilikuwa mahali pake hasa. Nywele zimerudi nyuma mpaka pale zilipofika mwaka jana. Na sikio langu lilikuwa limerefuka, kama masikio ya wazee yanavyorefuka, jambo ambalo hata mimi nilikuwa sijaliona.

Zuhura akaja kusimama karibu yangu, anafuta mikono kwenye kanga. "Kila mwaka alikuwa anakuongeza kidogo. Mama alimwambia amwongeze na mke basi, waendane. Akasema mke hamjui."

"Mwaka huu?"

"Mwaka huu hakuwahi. Alisema baada ya Idi."

Nikaomba kioo. Akaniletea kile kidogo cha jikoni, akanishikia upande wangu wa kushoto, nikajitazama kwa pembe ya jicho kadiri nilivyoweza. Nyusi zilikuwa zimekuwa nyeupe. Hilo lilikuwa la mwaka huu. Kikwangulio nikakiacha kwenye mfuko. Nikakoroga nyeupe, nikaitia nyeusi kidogo isiwe kali, nikapanda kwenye benchi, Zuhura akilishika lisiyumbe, nikaweka fimbo chini ya kiganja, nikatia mvi za nyusi, unywele mmoja mmoja. Sehemu ya nyuma ya kichwa, ambayo sikuweza kuiona kwenye kioo, sikuigusa.

Nikashuka, nikasafisha brashi kwa mafuta ya taa, nikaifunga kwenye kitambaa. Mafundi gereji walikuwa wameanza kuingia. Zuhura akaniuliza nitakula nini, nikamwambia chapati mbili na chai ya maziwa. Nikakaa kwenye benchi nikiutazama ukuta. Akaniletea kwenye sahani, kwa mara ya kwanza nikazila zikiwa moto.